Kwenda Pemba kununua matunda msimu ukifika, tangu boti mpaka pakacha

Ikifika mwezi wa 11 simu yangu haitulii. Watu wa Dar, watu wa Unguja, swali lao moja tu, shokishoki zishaanza? doriani je? Wakisikia zimeanza wanapanda boti, wanashuka Mkoani, bandari ya Pemba, wananunua kwa mchuuzi wa kwanza watakaemkuta njiani ambae na yeye kanunua kwa mchuuzi mwenzie jana yake, wanarudi nyumbani nusu ya mzigo ushaharibika halafu wanasema Pemba siku hizi matunda ghali. Si ghali jamani. Wamekwenda saa siyo na mahali siyo. Mimi nimezaliwa huku kaskazini, njia ya Wete kwenda Konde, maisha yapo Dar lakini kila msimu lazima nirudi, kwa hiyo leo naandika yote ninayowaelezaga watu kwenye simu, mtu akisoma asafiri akiwa anajua anachokifuata.

Kwanza tuelewane soko lenyewe. Usitegemee kitu kama Darajani, lile soko la Unguja mjini, paa na meza na pilikapilika za mji. Konde lipo soko la mwaka mzima, watu wa vijiji vya kule juu wanashushia vitu vyao pale, ila msimu ukiingia soko linamwagika, yaani barabarani kote unakuta vibanda vya makuti na majamvi yametandikwa chini ya miembe, kila kijiji na kisoko chake, wanakaa miezi miwili mitatu, matunda yakiisha na kisoko kimeisha, ukipita mwezi wa 5 pale pale unakuta watoto wanacheza mpira. Anaeuza ni mwenye mti, au mke wa mwenye mti, au mtoto wake karudi skuli. Hiyo ndio raha yake na ndio maana bei inakuwa nzuri, na ndio maana pia soko haliendi kwa saa za ofisini. Linakwenda kwa mvua, kwa mwezi na kwa maji. Ukilijua hilo mengine yote mepesi.

Hatua ya 1: jua unataka nini ndio upange tarehe

Embe zinajaa mwezi wa 11 mpaka wa 1, mananasi hapo hapo, shokishoki na doriani mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka. Lakini mvua ikichelewa na matunda yanachelewa, usikate tiketi kwa kuangalia mwaka jana ulikwenda lini. Piga simu. Kama huna mtu Pemba muulize Mpemba yeyote unaemjua, na hapo ulipo yupo, labda hata duka unalonunulia sukari mtaani kwako ni la Mpemba, mwambie akuulizie nyumbani. Na swali lisiwe "msimu umeanza?" maana hata mti mmoja ukiiva utaambiwa ndio umeanza. Uliza hivi, "fungu la shokishoki limeshashuka?" Likishashuka bei maana yake zimejaa kila jamvi, na kama wiki moja mbili baada ya hapo ndio siku zenyewe za kwenda. Ukienda zile siku za mwanzo kabisa utakula matunda yaliyochumwa kabla ya kukomaa kwa ajili ya kuwahi bei, na doriani lililochumwa changa haliivi vizuri hata ulifunike vipi.

Hatua ya 2: angalia mwezi, ule wa angani

Hii watu wa mjini hawaiamini mpaka iwakute. Kama unataka matunda peke yake unaweza kuiruka lakini itakuwa hasara, kwa sababu kwenye visoko hivi matunda ni nusu tu, nusu nyingine ni vitu vya bahari, na bahari inaufuata mwezi. Bamvua ni zile siku za mwezi mpevu na zile za mwezi mwandamo, maji yanapwa mbali kabisa mpaka miamba inatoka juu, na kwetu siku za bamvua maji yanapwa kama saa 4 saa 5 asubuhi na yanajaa saa 10 jioni hivi, halafu kila siku inasogea mbele kama dakika 50. Sasa kina mama wanashuka pwani na vijiti vyao maji yakitoka, wanachokoa pweza kwenye mashimo ya miamba, wanarudi saa 7 saa 8 mchana. Kwa hiyo pweza wa leo anaonekana mchana. Ukija saa 2 asubuhi ukaulizia pweza watakupa, lakini ni wa jana. Siku za maji mafu, zile za katikati ambazo maji hayapwi mbali, pweza wanakuwa wachache na hapo hakuna wa kumlaumu.

Dagaa wao wanavuliwa usiku kwa taa na wanataka giza, mwezi ukiwa mkubwa bahari yote ina mwanga na taa haiwavuti tena. Ndio maana mimi napangaga safari yangu iangukie mwezi mwandamo, giza lipo na bamvua lipo, pweza na dagaa wote unawapata safari moja.

Hatua ya 3: safari

Boti kutoka Unguja inashusha Mkoani, ulizia ratiba ya wiki hiyo kabla hujapanga kingine chochote, na tiketi ya kurudi ikate mapema kwa sababu msimu wa matunda na sikukuu zinajaa. Ndege inakuja Chake Chake, nusu saa tu kutoka Unguja, ila mizigo ni midogo na ntasema kuhusu doriani huko chini. Mkondo wa Pemba una kina kirefu sana, katikati unapita mita 800, sio kama bahari ya Dar na Unguja, boti inaweza kucheza, kula kidogo kabla na ukae sehemu ya nyuma chini. Kipindi cha kusi, mwezi wa 6 mpaka wa 8, ndio balaa zaidi, bahati nzuri msimu wetu unaangukia vuli na kaskazi.

Kulala, lala Wete. Wengi wanalala Chake kwa sababu ndio mjini halafu asubuhi wanafika kaskazini saa 4 vitu vizuri vishaondoka. Kutoka Wete unapanda daladala ya Konde, mwambie konda unashuka kwenye visoko vya njiani, anavijua vyote na yeye mwenyewe atakwambia jana wapi palikuwa na mzigo mzuri.

Hatua ya 4: vya kubeba

Noti ndogo ndogo. Elfu moja moja, elfu mbili mbili, na sarafu. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeshaona mtu kasimama na noti ya elfu kumi anataka fungu moja, yule mama ndio kwanza anafungua jamvi hana chenji, mtoto anatumwa nyumba ya tatu kwenda kuvunja noti, wateja wanarundikana, kisa mtu mmoja. Pesa za simu wengine wanapokea lakini usitegemee, mtandao kwenye mabonde unapotea. Beba kikapu au ukindu wowote, mifuko ya plastiki usije nayo, Zanzibar imekatazwa, na bara pia imekatazwa tangu 1 Juni 2019. Beba kisu kidogo na kichupa cha mafuta ya nazi, kama unanunua fenesi utajua kwa nini. Na nguo za heshima, mwanamke kanga au mtandio, mwanamme suruali ndefu, huko ni kijijini kwa watu na sio ufukwe wa hoteli.

Hatua ya 5: fika mapema, salimia, kaa chini

Watu wakitoka swala ya alfajiri ndio vitu vinaanza kushuka, vingine kwa baiskeli, vingine kichwani, vingine kwa gari la ng'ombe. Kuanzia saa 12 na nusu mpaka saa 3 ndio soko la matunda. Ijumaa jua kabisa kuanzia saa 5 watu wanaanza kuondoka kwenda kujitayarisha na sala, na mwezi wa Ramadhani mambo yanageuka, asubuhi kumelala, soko linachangamka alasiri watu wakinunua mihogo, majimbi, ndizi mbichi na mashelisheli ya futari.

Ukifika usianze na bei. Asalaam alaykum kwa wote, shikamoo kwa wazee, habari za asubuhi, watu hawajambo, mvua ilinyesha huko kwenu? Dakika 2 tu. Mtu aliyerukia "hii bei gani" anatajiwa bei anapewa kitu chake anaondoka, hakuna ubaya, ila yule aliyesalimia ndio anaeambiwa "hizo ziache mwanangu, ngoja mume wangu anakuja na za bondeni." Picha usipige bila kuomba, na ukikataliwa sema ahsante weka simu mfukoni.

Hatua ya 6: kuchagua

*Doriani.* Hapa muachie muuzaji, lakini mwambie ukweli utalila lini. Kuna bi mmoja njia ya Konde nanunua kwake miaka mingi, kila mteja anamuuliza swali lile lile, "la leo au la kesho?" Ukimjibu analinyanyua kwa kikonyo, analisogeza puani upande wa chini sio wa juu, ananusa kidogo tu, halafu anapita na ukucha juu ya miiba kama mtu anaepiga zeze na anasikiliza. Likilia wazi kama lina nafasi ndani basi nyama imeshaachana na ganda, hilo la leo. Likilia zito ni la kesho au kesho kutwa. Nimejaribu hii mwenyewe na ukizoea inakubali kweli. Angalia na kikonyo, kikiwa kibichi kina maji maji lilianguka jana usiku au leo, kikiwa kimekauka kimesinyaa limekaa. Na lizungushe lote uangalie tundu, tundu dogo kama la msumari lina mdudu ndani. Likiwa limepasuka lenyewe lile hapo hapo, usilibebe.

*Shokishoki.* Angalia nywele sio ganda. Ganda linaweza kuwa jekundu zuri na ndani limechoka, lakini nywele zikiwa bado zimesimama na ncha zake zina ukijani basi zimechumwa leo. Nywele nyeusi zimelala, acha. Omba moja ufungue, hakuna muuzaji wa huko atakaekunyima ya kuonja, uone kama nyama inaachana na kokwa. Na nunua zikiwa bado kwenye vijiti vyake, zinakaa siku moja zaidi kuliko zilizopukuchuliwa.

*Fenesi.* Nusa, gonga, bonyeza. Mafuta ya nazi pakaa kisu na viganja kabla hujakata, ule ulimbo ukishika mkono mkavu sabuni haitoi. Kokwa usitupe, chemsha na chumvi.

*Embe.* Kila mtu anajua embe, siwezi kumfundisha Mswahili embe. Ila ulizia boribo kama unataka za kula na dodo kama unasafiri mbali.

*Mabungo.* Watu wengi wanayapita na mimi inaniuma. Chukua yaliyogeuka rangi ya chungwa, yakiwa ya kijani bado ni makali mno. Juisi ya bungo na sukari na pilipili manga kidogo, baridi, mchana wa jua la Pemba, niamini kwenye hili.

Kitu kimoja zaidi kwa matunda yote, kisiwa hiki kina popo wake wakubwa ambao hawapo pengine popote duniani, wanakula matunda usiku mitini. Wanyama wenyewe wazuri na wanalindwa, miaka ya 1980 walikaribia kwisha kabisa na sasa wamerudi kwa wingi, lakini tunda lenye alama ya meno au lililochunwa upande mmoja usinunue hata ukipewa bure.

Hatua ya 7: bei

Huko hakuna mizani kwa matunda. Ni fungu, ni chane ya ndizi au mkungu mzima, ni pakacha. Zunguka mara moja sokoni ukiuliza bila kununua, utaijua bei ya siku hiyo. Kupunguziwa kupo, omba mara moja kwa ustaarabu, "bibi nipunguzie kidogo nachukua mafungu matatu", na mara nyingi badala ya kupunguza atakuongezea juu ya fungu, hiyo nyongeza ipokee kwa mikono miwili. Msimbane kupita hapo. Mwaka mzima anapalilia, anafukuza popo na kima, halafu biashara yake ni wiki 8 tu, na kwenye pesa hiyo kuna sare za watoto na mchele. Kama unataka mzigo mkubwa wa biashara basi usinunue jamvini kwa mtu mmoja mmoja ukawakausha wenzio, sema unataka kununua mti, utapelekwa shambani.

Hatua ya 8: karafuu, tazama, nusa, usibebe

Ukienda kuanzia mwezi wa 7, 8 na kuendelea msimu wa karafuu unaweza kukukuta, barabara nzima zimeanikwa kwenye majamvi, harufu inaingia mpaka ndani ya daladala. Kile kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, huku kikatuachia mingi, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba, kwa hiyo ni mali ya watu hasa. Usikanyage majamvi, dereva asipitishe tairi, mvua ikianza ghafla saidia kukunja, hata kama humjui mwenyewe. Lakini kununua gunia au hata kiroba ukasafiri nacho, hapana. Karafuu kavu zinauzwa kwenye vituo vya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, ukikutwa nazo bandarini bila kibali ni magendo na utapoteza siku nzima unajieleza. Ukitaka harufu ya karafuu kwenda nayo nyumbani kuna mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanakamuliwa Wawi pale karibu na Chake, nunua kichupa na uombe risiti.

Hatua ya 9: mchana, diko

Matunda yakishatulia kunywa kahawa, kula muhogo wa kuchoma au mkate wa mofa kama umepata, pumzika. Ukiwa Konde na una masaa mawili msitu wa Ngezi upo karibu, nenda. Kisha maji yakianza kurudi shuka dikoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Samaki wakubwa wanauzwa kwa mnada, dalali anapokea bei huku anatembea na kama hujui usinyanyue mkono wala kidole, simama pembeni kwanza usikilize minada mitatu minne. Usishindane na kina mama wanaonunua kwa ajili ya kukaanga, subiri wamalize, wengi watakuuzia mtungo mmoja kwa faida ndogo na umeshasafishiwa. Jicho la samaki liwe limetuna na linang'aa, funua shavu ndani pawe pekundu, bonyeza mgongo nyama irudi. Pweza akiwa wa leo ngozi inateleza na bado inabadilika rangi ukimgusa.

Hatua ya 10: kufunga

Hapa ndipo watu wanapopoteza walichokipata. Mimi mwaka mmoja nilijaza shokishoki kwenye kiroba cha nailoni nikakifunga mdomo, nikafika Dar kesho yake nafungua mvuke unanipiga usoni, nyeusi zote za katikati, na zilikuwa zawadi ya mama mkwe. Tangu siku hiyo pakacha tu.

Usilinunue tayari, mwambie kijana akusukie pale pale. Atakata kuti bichi, atalipasua katikati ya uti, anasuka ukili mmoja juu mmoja chini, mikono inakwenda wala haangalii, dakika 10 hazifiki pakacha limesimama. Ndani tandika majani ya mgomba, panga shokishoki na vijiti vyake, rashia maji kwa mkono, majani mengine juu, halafu shona mdomo kwa kamba ya kuti. Hewa inapita, unyevu unabaki. Siku 3 zinafika salama. Embe ziwe pakacha la peke yake, zinaivisha vitu vingine. Doriani kwenye boti liweke sehemu ya mizigo ya wazi na sio chumba chenye kiyoyozi, kwenye ndege usijaribu kabisa, mimi niliwahi kuachishwa mawili mazuri mlangoni na nikayagawa kwa wapagazi. Pweza na samaki, kama huna sanduku la barafu, wachemshe au wakaange huko huko usiku, mwenye nyumba utakayolala atakusaidia jiko ukiomba.

Kabla hujaondoka jamvini chukua namba ya muuzaji na umsevu kwa jina lake na tunda lake na kijiji, "Bi fulani doriani" hivyo hivyo, mwakani utampigia yeye kabla hujauliza mtu mwingine yeyote. Na ukifika kwako usiliache pakacha limeshonwa mpaka kesho, hata kama ni saa 6 usiku na umechoka, kata kamba, mwaga kwenye jamvi, toa zilizopondeka zile kwanza, nyingine rashia maji tena uzifunike na yale yale majani ya mgomba.